Mwairishi Hayumo Kitabuni

Same, Alhamisi

Basi hayumo. Nilidhani ningelia, lakini nimekula ugali wangu na sahani nimeosha.

Tangu aanze kuumwa, Mama hataki kitu kingine: nimtafutie babu yake, yule Mwairishi wa shamba la mkonge aliyemzaa Bibi Anastazia, kisha akarudi kwao Ulaya bila kuacha hata jina.

Leo katibu wa parokia amenitolea kitabu cha ubatizo. Bibi yumo, mama yake yumo. Penye jina la baba wameandika Petro.

Petro alikuwa kaka wa mama yake Bibi.

"Lakini huyu ni mjomba wa mtoto," nikasema.

"Dada yangu, padri lazima aliuliza baba yuko wapi. Aliyejitokeza ni huyu," katibu akajibu, huku akifuta miwani yake kwa shati.

Kilichoniudhi siku nzima ni kule kufuta miwani. Mengine siyasikii, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi.

Niliogopa tu kumwambia Mama. Amengoja jina la kizungu mpaka amekonda.

Jioni akapiga simu kutoka mlimani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umempata babu yangu?"

"Nimempata. Ni Babu Petro, huyo unayemfagilia kaburi kila Krismasi."



"Jumamosi ukipanda huku," akasema, "niletee ufagio mpya."