Maharagwe ya Harusi Hayakuchemka

Mama Faida, ejok, salamu ya Kiturkana tuliyozoea.

Nakuandikia nikiwa Lodwar, hapa nyuma ya hoteli yangu, mahali tulikuwa tunapakia sufuria za harusi kwa pikapu kabla ya kuja kwenu Kakuma. Sijui barua ya mtu aliyetutangulia kwa Mungu inapelekwa wapi. Naandika tu, kwa sababu Jumapili naingia kanisani kwenu, na kuna kitu lazima ukisikie wewe kabla ya watu wengine.

Wacha nianze na habari za huko. Jiko lako la nyuma, mvua iliangusha ukuta mmoja, ule wa upande wa bomba. Mgao wa chakula wa kambi umepunguzwa tena. Bibi harusi wa siku ile amezaa, mtoto wa kiume, ana mashavu.

Siku ile. Unaona venye napita kando.

Faida anauza mandazi karibu na bomba la maji. Ni mazuri, Mama Faida, ni mkono wako kabisa, hata ile iliki unaisikia ukiwa mbali. Wasomali wananunua, Wasudani wananunua. Lakini wale wa kwenu, watu wa kanisa lenu, wanasimama wanamsalimia vizuri, wanamuuliza afya, halafu wanaenda kununua kwingine. Kuna siku nilikuwa nimesimama pale nikaona mtoto amechukua andazi. Mama yake alimpiga mkono, likaanguka kwa mchanga. Alisema polepole lakini nilisikia: "Ya kwa yule mama wa sumu? Unatafuta kufa?"

Faida aliliokota, akalipangusa na kanga, akalila yeye mwenyewe. Alitafuna akiwaangalia.

Nilijua yule mama maneno hayo aliyatoa wapi. Uliniambia kwamba kwenu Kivu watu wanaogopa sumu kuliko bunduki, na mwenye nyumba akikuletea kinywaji anaonja kwanza mbele yako. Ulikuwa unacheka ukiniambia. Baadaye, baada ya ile harusi, ulianza kuonja kila kitu. Hata chai. Hata maji ya kunywa. Mtu akiingia kwako unachukua kikombe chake unameza kidogo, unampa, na hucheki tena. Mimi nilikuwa nakaa pale kwa kiti chako, nakunywa hiyo chai umeonja, na nanyamaza.

Sasa wacha niseme.

Ile asubuhi ya harusi ya mtoto wa mchungaji, tulikuwa tumeloweka maharagwe usiku kucha, yale mekundu makubwa niliyotoa Kitale. Uliamka ukaanza wali na mbuzi. Upepo ulikuwa mbaya, unakumbuka, makaa ya ule mti wa miiba, mathenge, yalikuwa yanaisha kama karatasi. Na mimi nilikuwa na kile kikapu changu. Kile nilishonewa na blanketi na sponji ya godoro, cha kuivisha chakula bila moto. Nilifundishwa kwa semina nikarudi nimejaa kiburi. Unachemsha chakula kabisa, unakitia ndani, unafunika, kinaiva pole pole chenyewe. Wewe ulikuwa unakicheka kila siku. "Weye Baba Dani, umelaza sufuria kama mtoto mgonjwa."

Wakakuita uende usaidie kumvalisha mama wa bibi harusi. Ukaniachia moto. Ulisema mambo mawili, na nayasikia mpaka leo na sauti yako: "Mwaga yale maji ya kuloweka. Na maharagi inapaswa kutokota, baba, kutokota ya kweli, mpaka utoke jasho." Ukanikumbusha akina mama wa Kiturkana na matunda yao ya mwituni ya edung, yale yenye uchungu, venye wanachemsha, wanamwaga maji, wanachemsha tena, wanamwaga tena, na hakuna mtu anawauliza kwa nini. Ukaenda.

Sikumwaga. Maji ilikuwa kidogo, nikaona ni hasara. Sufuria ilipoanza kutoa mvuke nikaiondoa, sababu nyama ilikuwa inangoja moto. Haikuwa imechemka. Ilikuwa imepata joto tu. Nikaitia kwa kikapu, nikafunika, nikaona nimefanya kazi ya akili.

Uliporudi ukaniuliza, "Zilitokota?"

Nikakujibu, "Zilitokota vizuri sana, mama."

Hiyo ndiyo dhambi ya kwanza. Ingekuwa hiyo peke yake labda ningeweza kulala.

Watu walikula. Maharagwe yalikuwa laini ya kutosha, na nyanya na kitunguu hakuna mtu angejua. Kwaya ilikuwa haijamaliza nyimbo zake wakati wazee walianza kutoka nje wameshika tumbo. Halafu watoto. Halafu bibi harusi na gauni lake jeupe, ameinama kwa ile miiba ya mathenge nyuma ya kanisa, mamake anamshikia shela. Hakuna aliyekufa, Mungu ni mkubwa, kufika jioni wengi walikuwa wameketi wanakunywa maji ya chumvi na sukari. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Lilianzia kwa wale wamama wa kwaya. Sumu. Nani alipika? Ni yule wa Uvira. Si hata bwanake alikufa ghafla?

Ukanitafuta na macho. Ulikuwa umesimama na mwiko mkononi, watu wamekuzunguka, ukasema kwa nguvu wote wasikie: "Baba Dani, uwaambie. Uwaambie zilitokota."

Na mimi nikasema, "Mimi nilikuwa naleta soda tu."

Mama Faida. Nimeandika hiyo sentensi nikaamka nikatembea mpaka barabarani nikarudi. Iko hapo. Sitaifuta.

Ulidhani nimeogopa tu kama watu wengine. Ulidhani hata mimi sijui ni nini ilitokea. Ulinihurumia, na siku nyingine ulinipikia ugali, ukauonja kwanza, ukanipa.

Hawakukuita tena kwa harusi. Wala ubatizo, wala matanga. Kifua kilipokushika ulikuwa umeshakonda kabla. Daktari alisema ni kifua, na mimi najua ni kifua, lakini najua pia mtu anaweza kukosa sababu ya kula.

Na kwa matanga yako mwenyewe. Hii ndiyo ya tatu, na kwangu ni mbaya kuliko hizo mbili. Faida na jirani yake Mturkana walipika. Wali, kabeji, samaki wa kukauka kutoka ziwani. Watu walikuja wengi, usidhani hawakuja. Waliimba, waliomba, mchungaji alisema maneno mazuri. Halafu sahani zikapita na zikarudi venye zilienda. Mmoja ana vidonda vya tumbo, mwingine amefunga, mwingine anakimbia kwenda mgao. Faida alisimama kwa mlango na sinia. Ikafika kwangu. Mimi, Mama Faida, mtu pekee katika hiyo boma alijua mkono wako haukuwa na kosa lolote. Wazee walikuwa wananiangalia. Nikasema, "Asante binti, nimekula Lodwar."

Nilikuwa na njaa tangu asubuhi.

Sasa kilichonifanya niandike. Hapa Lodwar watu wa afya walituita sisi wa mahoteli, tufundishwe usafi wa jikoni ndiyo tupate vyeti. Nilikuwa nimekaa nyuma nasinzia. Afisa mmoja kijana, msichana mpole, akashika maharagwe mekundu mkononi akasema hiki ni kitu kinajua kujilinda. Nikaamka.

Alisema hivi. Mbegu haina miguu ya kukimbia wala meno ya kuuma. Basi inajiwekea silaha ndani, aina ya protini, inaitwa lektini. Mdudu akiila, mnyama akiila, anaumwa, siku nyingine anaiacha. Na hiyo lektini kazi yake ni kushika sukari. Si sukari ya chai. Alisema kila chembe ya mwili wetu imefunikwa na visukari vidogo kwa nje, kama manyoya juu ya ngozi ya mbuzi, na lektini inakuja inayashika hayo manyoya, haiachii. Ikifika tumboni inashika ukuta wa utumbo, na hapo ndiyo mtu anaanza kutapika baada ya muda mfupi. Ukiitia kwa damu, chembe nyekundu zinashikana zinakuwa madonge. Eti kuna nyingine zinatoka kwa mimea mingine, na maabara wanazitumia kujua damu ya mtu ni ya kundi gani. Na ile mbegu ya nyonyo, hiyo ndugu yake ni mkali kabisa, hiyo inaua.

Halafu akasema dawa yake ni moto. Loweka, mwaga maji, tia mengine, chemsha ikitokota kwa nguvu. Ikichemka ile silaha inavunjika, inabaki chakula kizuri tu. Lakini ikipashwa joto la chini haivunjiki, na anayeipika hivyo anaweza kuumiza watu kuliko venye angedhani. Akasema, muwe makini sana na vile vikapu vya kuivisha.

Mwenye hoteli ya karibu na mto Kawalase akaniuliza, "Mzee, uko sawa? Umebadilika rangi." Nikamwambia ni joto.

Nitakuambia ukweli, nilitoka pale nimefurahi. Ndiyo, nimefurahi! Nilifikiri nimepata njia. Nikafunga hoteli, nikaenda Kakuma mbio, nikamkuta Faida anakanda unga. Nikamwambia, "Binti, mamako hana makosa! Haikuwa sumu ya mtu. Ni lektini!" Nikamweleza yote, mbegu, visukari, damu, utumbo. Nikamwambia nitamleta yule afisa aeleze kanisa, na mambo yataisha.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Unajua venye anasikiliza, kama wewe, mikono ndani ya unga. Halafu akaniuliza, "Kwa hivyo maharagwe ndiyo yamefanya."

Nikasema ndiyo.

"Na nani alitoa sufuria kwa moto?"

Maharagwe yanajilinda, hayo yameumbwa hivyo. Mimi nilikuja pale nijifiche nyuma yao. Nilikuwa tayari kuosha jina lako na kuliacha langu kavu kabisa, na watu wangesema basi Mama Faida hakuwa mchawi, alikuwa tu hajui kupika. Wewe! Hajui kupika!

Nikamwambia. Pale pale, nimesimama. Maji ya kuloweka, kikapu, ile "zilitokota vizuri sana," soda, na ile sinia kwa mlango. Nikapiga magoti nimwombe msamaha. Akarudi nyuma.

"Usinipigie mimi magoti, Baba Dani. Mimi nilimjua mama. Nenda kwa wale hawakumjua."

Akaendelea kukanda. Simlaumu.

Nimeshaongea na mchungaji. Alisema atanipa nafasi baada ya matangazo, wakati watu wote wamefika. Yule afisa pia atakuja, aeleze ya lektini, lakini nimemwomba aongee wa pili. Mke wangu anaogopa. Anasema wale watu waliotapika bado wana hasira, na wateja wa hapa wakisikia hawataingia tena hotelini. Inawezekana. Mimi pia naogopa.

Lakini Faida bado anasimama pale kwa bomba kila asubuhi, na mandazi yake yanapoa.

Pumzika, Mama Faida. Siombi unisamehe, hiyo nimeiacha kwako na kwa Mungu. Naahidi kitu kimoja. Jumapili wakinipa maikrofoni sitaanza na mbegu, na sitaanza na wewe. Nitaanza na jina langu lote, lile la kitambulisho, ili wajue wa kumsema ni nani.

Ni mimi,
Baba Dani