Kosa Langu Kwanza

Baba, Afande wangu,

Nimethibitishwa! Barua ninayo hapa mapajani, ina muhuri, na jina Akello limeandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe. Kuanzia leo mimi ni meneja wa zamu ya asubuhi: watu kumi na tisa, mashine sita, na milima ya shuka na taulo za mahoteli. Nimejificha stoo saa hii ya chakula cha mchana, nimekalia marobota ya taulo safi, maana nikikaa mbele ya watu nitacheza, na meneja hachezi siku ya kwanza. Au anacheza? Ungekuwepo ningekuuliza.

Ulipotuacha nilikuwa bado mpiga pasi tu hapa Nakawa. Baadaye Madamu, mwenye kampuni hii ya kufua nguo, akaniita na kusema nisimamie zamu kwa miezi sita ya majaribio. Nikishindwa, narudi kwenye pasi. Nilifurahi mpaka nikakosa usingizi. Na kwa kuwa nililelewa kwenye kambi ya polisi, unajua nilichofanya? Nilianzisha gwaride.

Kweli kabisa. Saa moja kamili asubuhi, mstari mmoja, nakagua aproni, nakagua kucha, naita majina kwa sauti yako ile ya kuamsha kambi nzima. Anayechelewa dakika mbili anasimama pembeni. Walinyooka, Baba! Nikajiona jenerali. Kila nilipouliza kama kuna shida, nilijibiwa hakuna shida, nyabo, yaani bibi kwa Kiganda. Nikaamini, mjinga mimi.

Mwezi wa nne wa majaribio, vitambaa vya meza vikaanza kurudishwa na hoteli moja kubwa vikiwa na alama za kuungua. Nikauliza ni nani. Kimya. Nikafoka. Wakazidi kunyamaza, macho yote chini. Madamu akanitandazia vile vitambaa mezani kwake, akasema, "Wiki mbili, Akello. Vikirudi tena, unarudi kwenye pasi."

Siku hiyo nilipomaliza kazi nilikwenda moja kwa moja kwa Mama. Alihama kambini baada ya mazishi, kama kanuni inavyotaka, sasa amepanga chumba Lubaga. Bado anaamka saa kumi na moja alfajiri ingawa hakuna tarumbeta. Yeye anakuombea dua kila swala, mimi nakuwashia mshumaa Jumapili, kwa hiyo tumekushika pande zote mbili. Nikamweleza habari za vitambaa na gwaride langu. Akacheka, Baba! Alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema, "Umechukua sauti ya baba yako, ukaiacha kazi yake."

Nikakumbuka hapohapo. Kila asubuhi, kabla hujamgusa askari yeyote, ulikuwa unapiga hatua moja mbele na kujishtaki mwenyewe. "Mimi, Sajenti Okot, jana sikukagua lindo la geti. Kosa ni langu." Baada ya hapo ndipo ulipouliza nani mwingine ana lake. Mimi nilikuwa nyuma ya senyenge na sare ya shule, nikisubiri umalize uje unifunge tai. Na askari wako walikuwa wanasema, hata mambo ambayo wangeweza kuyaficha.

Kesho yake nikasimama mbele ya mstari. Nikawaambia, "Jumanne nilimkataza Bahati kuzima mashine ipoe. Nilitaka tumalize mapema nionekane hodari. Kosa ni langu." Bahati ni yule Mkongo anayeendesha mashine ya rola kubwa ya kunyooshea vitambaa. Alinitazama kana kwamba nimeugua. Wakarudi kwenye mashine zao. Nikajua nimejimaliza mwenyewe, kwamba hata ile heshima ya woga sasa imekwisha.

Siku ya pili nikataja kosa jingine, wakaenda kazini. Siku ya tatu nikataja la tatu (makosa sikosi, unanijua), na Nalongo, yule mama wa mapacha anayekunja shuka, akajikohoza. "Nyabo, ile mashini ya Bahati iko na shida, wiki tano sasa. Moto inapanda yenyewe. Sisi naogopa kukwambia." Bahati naye akafungua mdomo, akasema alishachoma vitambaa vinne na kuvificha chini ya rundo. Baba, nilitaka kumkumbatia! Tulizima mashine asubuhi ileile, fundi akaja, akabadilisha kidude cha kupima joto kilichokufa. Tangu siku hiyo hakuna kitambaa hata kimoja kilichorudi.

Na sasa hawanyamazi! Nalongo amepanga upya jinsi tunavyopokea magunia, na tunamaliza saa nzima mapema. Jana walinipinga watatu kwa pamoja kuhusu zamu za sikukuu ya Idi, na walikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikiimba barabarani kama mwendawazimu. Hii kazi ni tamu, Baba. Kwa nini hukuniambia kwamba kuongoza watu ni kutamu hivi?

Lakini na mimi nina kosa la kuripoti kwako. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Wenzako wawili walipandishwa vyeo, wewe ukabaki sajenti. Nikakuambia, mbele ya Mama, kwamba hupandi kwa sababu unajitangazia makosa kama mpumbavu. Uliendelea kupaka buti zako rangi, polepole, na mimi nikatoka nje. Ulizeeka kazini sajenti, ukafa sajenti, na sikuwahi kulifuta neno lile. Nimelibeba mpaka leo. Nilikosea, Baba. Kosa ni langu.

Nakuahidi nitakuwa wa kwanza kusema, kila asubuhi, hata siku ambayo Madamu mwenyewe atakuwa amesimama pale anasikiliza. Kengele imelia, wananiita. Lala salama, Afande. Cheo walichokunyima wamekileta leo, nami nimekipokea kwa niaba yako.

Mwanao,
Akello