Soma Ng'ambo

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba yale macho yako yaliyokuwa yakitoa machozi kila ukivaa lenzi ya kazi yamepoa. Wifi naye mgongo wake unaendeleaje? Nilipoondoka alikuwa akiinuka kitini kwa kushika meza, halafu anacheka ili tusimwonee huruma. Mwambie asinyanyue ndoo. Mimi mwilini sijambo. Nimerudi kazini wiki ya tatu sasa, kwenye chumba kile kile cha kufulia mashuka ya hospitali, mvuke ule ule, na msimamizi yule yule anayetembea nyuma yetu kama tumemwibia kitu. Mwilini, nasema. Kwingine utaona mwenyewe ukisoma.

Karatasi ya wakili imenifikia. Umeniomba niandike safari yangu yote kwa mkono wangu, siku kwa siku, niweke sahihi, ili lile shirika la ndege lilazimishwe kukiri kwamba lilimnyima mama yetu kumwona mwanawe. Umesema hutaki kitu kingine, unataka tu waseme wametukosea. Na umesisitiza niandike jina la yule msichana wa kaunta, maana wakili anasema yeye ndiye shina la kesi. Basi naandika. Nimekaa mezani tangu asubuhi, leo ni siku yangu ya mapumziko, na nimechana karatasi mbili.

Siku ile uliponipigia na kusema mama amepooza upande wa kulia, akili anazo ila maneno yanatoka moja moja, na daktari amesema nisingoje mwisho wa mwezi, niliacha pasi ikiwa ya moto. Jumatatu nilikuwa uwanjani nikiwa na begi moja. Tulipanda, tukafunga mikanda, tukakaa. Tulikaa ndani ya ile ndege masaa matatu bila hewa, watoto wanalia, na mhudumu anapita akitabasamu na kusema ni hitilafu ndogo. Kisha tukateremshwa. Hitilafu ndogo ikala Jumatatu nzima, na kesho yake hakuna aliyetueleza ilikuwa nini.

Jumanne tukaruka, lakini kwa kuchelewa, nikafika kwenye ule mji wa kubadilishia ndege nikaikuta ya pili imeshaondoka. Hapo ndipo nilipoanza kupigwa danadana. Kaunta ya kwanza inanituma ya pili, ya pili inasema shida hii ni ya ile ya kwanza. Wakanipa kuponi za chakula na kitanda katika hoteli ambayo madirisha yake hayafunguki. Begi langu lilikuwa limefungiwa mahali wasipopajua, kwa hiyo nilifua blauzi yangu kwenye sinki na kuivaa mbichi asubuhi. Mimi, dobi mzima.

Jumatano ndege ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu kupitia kioo, nyeupe, imetulia. Ikafutwa. Wakasema wafanyakazi wake wamefikisha saa zao za kazi, sheria haiwaruhusu kuendelea. Nilicheka peke yangu mpaka mzee mmoja akanihama, akaenda kiti cha mbali. Miaka saba nimefua mashuka ya wagonjwa, na sijawahi kusikia kwamba saa zangu nazo zinaweza kufika.

Na kila siku wewe unapiga simu na kuniambia mama amevaa. Sijui kama ulijua neno hilo linanifanya nini. Amevaa. Gauni la kijani, limenyooshwa na wifi kwa ule mgongo wake, na mama ameketishwa kwenye kiti kinachotazama mlango tangu mchana. Jumatatu amevaa, Jumanne amevaa, Jumatano amevaa. Jioni mnamvua, mnamlaza. Nilikuwa na hasira, kaka, hasira ya kutaka kuvunja kitu cha watu. Hadi hapo yote uliyomwambia wakili ni kweli tupu, na Mungu akitaka kuwalaani wale watu sitawaombea.

Sasa nifike Alhamisi.

Asubuhi ya Alhamisi, kwenye saa tano hivi, nilipanga foleni yangu ya mwisho, foleni ya matusi. Nilikuwa nimejiandaa kabisa, nikifika kaunta nawachamba kwa lugha yoyote itakayonijia. Zamu yangu ikafika, nikakuta msichana mdogo, sare imempwaya mabegani. Akaichukua pasipoti yangu, akaitazama, akainua macho na kunisalimia kwa Kiswahili. Kaka, nilishika ile kaunta kwa mikono miwili. Siku tatu sijasikia neno la kwetu ila kwenye simu yako. Akaniambia wazazi wake ni watu wa kwetu ila yeye kazaliwa huko huko, Kiswahili chake ni cha jikoni kwa mama yake. Nilimweleza kila kitu, habari ya kiti na gauni. Alisikiliza. Alipiga simu mbili, akaenda nyuma, akarudi, akaniondolea abiria mmoja aliyekuwa hana haraka, akanipa kiti chake. Akanikabidhi kadi ya kupandia kwa mikono miwili, akasema, "Dada, leo unafika kwa mama. Ndege yako ni saa mbili."

Nilimbusu mkono. Nikakupigia hapo hapo kukwambia leo nimepata kiti, mvisheni mama, nitawaambia saa ya kushuka nikiwa langoni.

Unakumbuka duka la baba la kutengeneza saa. Unakumbuka, maana meza yake ndiyo meza yako, na ile saa ya ukutani bado iko juu ya kichwa chako. Unakumbuka alivyotufundisha kusoma saa kabla hatujajua kuandika. Kwamba mshale ukiwa kwenye nane, usiseme nane, tazama upande wa pili, ng'ambo yake, utakuta mbili, basi ni saa mbili. Soma ng'ambo, mwanangu. Soma ng'ambo. Alikuwa akisema kwa sauti kubwa mpaka majirani wakadhani anajigamba kwamba watoto wake watasomeshwa ughaibuni, na siku mimi nilipoondoka wakaja kumpongeza. Alicheka wiki nzima.

Yule msichana hakufundishwa na baba. Yeye alisoma kompyuta yake kwa hesabu ya huko, akasema mbili. Alikuwa anamaanisha mchana, saa nane yetu. Mimi nikasoma ng'ambo. Nikajua ni saa mbili ya usiku, nina masaa tisa ya kungoja, hayakunitisha baada ya siku tatu.

Utauliza, na wakili wako atauliza, kama kadi haikuandikwa. Iliandikwa, kaka. Kumi na nne kamili, kwa tarakimu kubwa nyeusi. Kazini kwangu nasoma tarakimu za namna hiyo kila siku kwenye ratiba ya zamu na sijawahi kukosea hata dakika. Lakini ile kadi sikuitazama. Niliikunja nikaiweka kifuani, kwa sababu nilikuwa nimeshaambiwa, na nimeambiwa kwa Kiswahili. Vile vibao vya ukutani navyo vilinidanganya siku tatu nikaapa sitaviinulia macho tena. Nikaenda ukumbi wa mbali, wenye viti visivyo na mikono, nikanywa chai kwa kuponi yangu ya mwisho. Nilikuwa na furaha. Ndiyo siku pekee ya safari ile niliyokuwa na furaha.

Nikiwa hapo kipaza sauti kikaanza kumwita abiria aliyechelewa. Jina lenyewe limekatwakatwa, silabi zimemwagwa ovyo, huwezi kujua ni la mwanamke au la mji. Wakaita mara ya pili. Mara ya tatu nikasonya. Nikasema moyoni, huyo naye ni mtu gani, wenzake tunalilia ndege, yeye inamngoja na hana habari. Kisha nikajilaza, nikapitiwa na usingizi wa pono.

Jina lilikuwa langu.

Saa mbili kasoro usiku nilinawa uso, nikachana nywele ili mama asinione kama nilivyokuwa, nikaenda langoni. Hapakuwa na mtu, taa nusu zimezimwa, mfagiaji anasukuma mashine yake. Nikarudi kaunta mbio. Yule msichana alikuwa akikusanya vitu vyake, zamu imekwisha. Aliponiona, akaacha kukusanya. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga kelele, kwamba ndege imeondoka kabla ya saa yake, kwamba wameniibia. Msimamizi wake akatoka, mwanaume mwenye tai. Akaniuliza ni nani aliyenipa saa. Nikanyoosha kidole.

Msichana akasema taratibu, kwa Kiswahili, "Dada, mimi nilikwambia saa mbili."

Hapo ndipo nilipojua. Si kesho yake, si baadaye nilipokuwa nikilia kwenu. Hapo hapo, kidole bado kiko hewani. Nikatoa kadi kifuani, nikaona kumi na nne, nikaikunja tena. Msimamizi hakuelewa tulichoambizana, na yeye msichana hakuelewa alikosea wapi. Alidhani labda kweli amenipoteza. Alikuwa akiniangalia ili nimsaidie kueleza. Mtu mmoja tu katika jengo lile angeweza kueleza habari ya hizo saa mbili za aina mbili, yao na yetu, naye alikuwa mimi.

Nilinyamaza. Msimamizi akasema kama nimekosa ndege kwa uzembe wangu nitasubiri nafasi, huenda Jumapili, lakini kama kosa ni la mfanyakazi wao watanipandisha kesho, ila lazima nijaze fomu. Nikaijaza. Niliandika kwamba mfanyakazi wa kaunta alinipa saa ya uongo. Jina lake lilikuwa kifuani kwake, nililinakili herufi kwa herufi. Msimamizi akamwambia avue kile kitambulisho, akakivua, kikanasa kwenye sweta, akahangaika nacho.

Kisha nikakupigia simu nikasema wameahirisha tena, na hata msichana wao wa kaunta kanidanganya. Wewe ukawatukana kwa niaba yangu. Nilikuacha utukane.

Ijumaa nilipofika kila mtu alinifungulia mikono. Mama alikuwa ameondoka duniani alfajiri. Hamkuniambia njiani, nami sikujua hata pa kuanzia kulia. Wanawake wakasema, masikini, ndege zimemfanyia ukatili. Nikakubali. Imekuwa rahisi sana kukubali, kaka. Kila anayenihurumia ananipa sababu ya kunyamaza siku moja zaidi, na ningeendelea mpaka kaburini kwangu kama usingeleta karatasi hii yenye nafasi ya jina.

Jina sitakupa. Ninalo, silisahau. Sitaki liende kwa wakili wala kwa mtu yeyote. Nimewaandikia shirika lao barua nyingine, fupi, nimeeleza kosa ni la nani na limetokeaje. Sijui kama watanielewa, maana jaribu wewe kumweleza mtu wa kompyuta kwamba mbili ni nane. Sijui kama yule binti bado yuko kazini. Nilipopita pale wakati wa kurudi, kaunta ilikuwa na mtu mwingine, nami sikuthubutu kuuliza.

Najua utanikasirikia. Kasirika. Ulimwacha fundi wa kukusaidia dukani, ukashinda miguuni kwa mama siku nne, na mimi nilikuwa nimelala kwenye viti. Kama hutaki kuniandikia tena nitaelewa, ingawa nitaumia, sina mwingine.

Lakini liko jambo moja lazima nikwambie, maana wewe ulinieleza ili unifariji nami nimelibeba tangu siku ile kama jiwe la moto. Ulisema Alhamisi usiku simu yangu ya kuahirishwa ilikuwa bado haijaingia, na mama alikuwa amevaa, kitini pake. Akauliza ni saa ngapi. Ukatazama saa ya baba, ukasoma ng'ambo kama tulivyofundishwa, ukamwambia ni saa mbili. Akasema, "Basi keshashuka." Akaomba alazwe, hakuuliza tena. Ukaniambia mama alikosea kwa heri yake, amekwenda akiamini mwanawe yuko njiani anakuja.

Kaka, ndege ile ya mchana husafiri masaa sita. Mji ule hauko mbele wala nyuma ya saa zetu. Hesabu mwenyewe kwenye ukuta wako. Mama hakukosea. Ilikuwa imeshuka, saa ile ile uliyomtajia. Mimi ndiye sikuwemo.

Basi, mpe wifi salamu zangu, na umsomee barua hii yote au usimsomee, hiari ni yako. Wabusu watoto. Gauni la kijani mkilifua, tafadhali lisianikwe juani, litapauka. Karatasi ya wakili nairudisha ndani ya bahasha hii. Haina sahihi. Sahihi yangu ni hii ya hapa chini.

Mdogo wako,
Dobi