Kwapa la Kushoto la Gauni Lako

Newala, penye cherehani yangu

Mama yangu,

Shikamoo. Nakuamkia kutoka huku kwenye ukungu, ambako asubuhi hata mbuzi anapiga chafya. Umeamkaje? Kifua? Miguu? Hasa miguu, Mama, na kwa nini nauliza utaona mbele. Tausi mdogo wangu, wewe ndiye msomaji, basi msomee kila neno, usiruke. Nikija nitakuuliza maswali kama mwalimu.

Mimi ni mzima, nimenenepa, tena nimekuwa mtu maarufu. Sijisifu, nasema yaliyopo. Kutoka Masasi mpaka hapa, na Tandahimba ukitaka, hakuna suruali yenye adabu ambayo haijapita mikononi mwangu. Mwanao niliyeishia darasa la sita, niliyekaa Dar, niliyevuka Ruvuma nikala samaki wa Msumbiji bila kujua hata salamu yao, leo naitwa Daktari wa Nguo. Jina hilo nilijipa mwenyewe, lakini watu wamelipokea vizuri.

Gauni ulilotuma liwe kipimo nimelipata. Utingo wa basi alilileta ndani ya mfuko wa sukari, linanukia moshi wa nyumbani na asali, nikaliweka usoni kwanza kabla ya kulipima. La kuvaa harusi ya Tausi nitakushonea, ondoa shaka. Ila kuna kitu nimekiona kwenye hilo la zamani kimeninyima raha, na siwezi kukisema mpaka nikueleze kwanza aibu iliyonipata.

Unajua, Mama, nguo haifi popote. Ina mahali pake pa kufia. Suruali ya dereva hufa pale pa kukalia, kanzu ya mtu wa swala hufa magotini, kola huliwa na ndevu na jasho, mfuko huliwa na funguo. Kitambaa kikikutana na mfupa au kitu kigumu kila siku, pale pale, nyuzi zinachoka kama watu. Basi mtu akinipa nguo namwambia kazi yake kabla hajaketi. Wanacheka, wanakusanyika, na mimi unanijua, nikiona watu watatu nahisi nimepanda jukwaani.

Juzijuzi akaja Mama Fadhila wa Mkunya, mteja wangu, kaleta shati la mumewe. Bega la kushoto limelika mpaka unaona jua upande wa pili. La kulia zima kabisa. Nikalinyanyua mbele ya watu.

"Mama Fadhila," nikasema, "hapa pana mtu analaza kichwa."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

"Upande gani?"

"Wa kushoto."

"Mimi nalala kulia kwake," akasema. "Tangu anioe, nalala kulia."

Kicheko kikakatika kama uzi mbovu. Akalinyakua shati, akajifunga khanga upya kwa nguvu, akaondoka. Siku tatu Baba Fadhila alijipikia.

Ya nne akaja mwenyewe. Mtu mrefu, mpole, wa kusema kidogo. Hakunitukana. Alisema tu, "Fundi, kesho alfajiri uje shambani kwangu. Vaa shati lako zuri."

Nikaenda, ningefanyaje? Huku, Mama, mikorosho inapulizwa salfa, unga wa njano wa kukinga maua yasioze, na inapulizwa alfajiri umande ungali kwenye majani ili unga ushike. Mashine yake unaibeba mgongoni kama mtoto, na inapiga kelele kuliko mtoto. Ya Baba Fadhila mkanda wa kulia ulishakatika zamani, kabaki na wa kushoto peke yake, nao kaufunga kwa kamba ya katani. Akanibebesha. Mikorosho kumi nilipuliza. Mimi, Daktari! Nilipoivua, bega la kushoto lilikuwa linawaka, na shati langu zuri limeshaanza kuota manyoya pale pale.

"Umemwona sasa huyo mwanamke?" akaniuliza.

"Nimemwona, Baba Fadhila. Mzito."

Hapo ndipo akacheka. Tukaenda kwake tukiwa wa njano kama vifaranga. Nikampigia magoti Mama Fadhila kumwomba radhi, naye akaniacha hapo chini muda mrefu, eti anataka kuona suruali yangu itatobokea wapi. Kisha akatenga ugali wa muhogo na kisamvu cha kuungwa kwa korosho, tukala, yakaisha.

Lakini nilijifunza kitu ambacho darasa la sita hawafundishi. Nguo inasema mahali, haisemi sababu. Sababu anayo mwenye mwili.

Sasa gauni lako. Nililigeuza ndani nje nilipime, nikaona kwapa la kushoto limelika. Si mshono kufumuka, ni kitambaa chenyewe kimesagika mpaka kinang'aa. La kulia zima. Na pindo la chini, upande wa kulia, limechanikachanika kama linaloburuzwa ardhini. Nimewashonea watu wanaotembelea mkongojo wa kwapani, Mama, alama hiyo naijua. Lakini hata shati la Baba Fadhila nilidhani nalijua. Kwa hiyo safari hii sisemi, nauliza. Unatembelea mkongojo? Tangu lini? Ulianguka? Au kuna jambo jingine la kuchekesha ambalo mimi mjinga silijui?

Kwenye simu huwa sikupati. Nikiuliza hali unasema, "Mimi chuma, wewe je?" kisha unampa Tausi, na Tausi anaanza habari za harusi. Nilidhani ni furaha. Sasa nakumbuka kwamba siku hizi nikipiga, anayetoka kisimani ni Tausi, si wewe.

Sikulaumu. Najua uliogopa nisije nikaacha kazi wakati wenyewe ndio huu. Watoto wa huku wako jandoni, na siku ya kutoka kila mmoja lazima awe mpya kuanzia kofia mpaka kiatu. Mashati yao yamenizunguka hapa kama ndugu wa urithi. Jana Mama Fadhila alinikuta nimelishika gauni lako, nimenyamaza. Akadhani naumwa, maana hajawahi kuniona nimenyamaza. Nikamwonyesha. Akaingiza ngumi yake kwapani, akaizungusha taratibu.

"La mama yako?"

"Ndilo."

"Na umekaa hapa unangoja nini?"

"Mashati ya jando."

"Kukata umeshakata. Kushona atamalizia fundi mwenzako hapo barazani, vifungo nitatia mimi. Watoto watavaa. Nenda kamuulize mama yako, fundi, usimsome kwenye nguo kama ulivyonisomea mume wangu."

Basi gauni la harusi nimelishona. Kitenge cha buluu, mikono mirefu, shingo utakayoipenda. Kwapa la kushoto nimetia kitambaa mara mbili, laini kwa ndani, kigumu kwa nje. Pindo la kulia nimelipandisha vidole viwili. Kwa macho ya watu halionekani kitu. Kama ni mkongojo, litakukaa. Kama siyo, basi unicheke mbele ya harusi nzima, nami nitafurahi kuliko bi harusi.

Sikulitia kwenye basi, Mama. Nalileta mwenyewe. Barua hii inanitangulia kwa siku mbili ili usishtuke, na ili usinifiche. Mkongojo kama upo, usiuweke nyuma ya mlango.

Nisalimie mjomba mfuga nyuki, mwambie anibakizie asali ya masega. Nisalimie shangazi mwenye ulimi wa pilipili, na huyo shemeji mtarajiwa, mwambie suruali yake ya harusi nitaikagua magotini kabla sijampa mdogo wangu.

Nikifika usinyanyuke kunipokea. Kaa hapo hapo kizingitini ulipo. Shikamoo yangu nitaileta mpaka miguuni pako.

Mimi mwanao,
Shabani, Daktari wa Nguo