Mistari ya pindo la njano

Shoga, umekaa? Kaa kwanza. Nimetoka dukani kwa bosi sasa hivi.

Unayajua yale magauni yake mapya ya kukumbuka utoto. Lile la njano kalishona mwenyewe, fundi yeyote haruhusiwi kuligusa. Chini kaweka mistari mitatu iliyofifia, zile alama zinazobaki pindo likishushwa mtoto akirefuka.

Leo wateja wamejaa, mama yake kakaa mbele. Bosi kashika maiki, anasema, "Mama alinishushia pindo kila mwaka. Kila mstari ni mama akiniangalia nikikua."

Watu wakapiga makofi. Mama mtu akacheka. Shoga, akacheka.

"Hiyo mistari ni ya dada yako," akasema, wala sauti hakupunguza. "Nilimshushia yeye. Wewe gauni ulilirithi na alama zake. Wewe sijawahi kukushonea hata kitambaa cha pua."

Hata kitambaa cha pua. Mbele ya wateja.

Bosi kabaki na tabasamu lake la kupigia picha. Maiki bado iko mdomoni, duka zima tukamsikia anavyomeza mate.

Nikadhani mama atajirudi. Akainuka, akalivua gauni kwenye sanamu, akaligeuza ndani nje, akakagua mshono.

"Umeshona vizuri," akasema.

Shoga, bosi macho yakamng'aa kama mtoto.

"Nifungie. Litamfaa dada yako."

Na bosi akalifunga. Kwa mikono yake mwenyewe, na utepe juu.