Mkono wa Mama kwenye Ukungu

Tobolsk, 8 Januari 1978

Lusha mdogo wangu,

Salamu tele. Ng'ombe hajambo? Na hicho kifua chako, kimepoa? Sisi wazima, ila baridi jamani! Ukitema mate yanafika chini mawe.

Mama alifika salama na basi la Ryabov. Tangu ashuke wimbo mmoja tu: anataka kuutembea mji kwa miguu kabla hajafa. Aanzie juu ngomeni, ashuke ngazi za mbao mpaka mji wa chini, akaione nyumba alimozaliwa. Daktari kamwambia moyo wake hauwezi baridi. Mama akamjibu, "Weee mtoto, moyo ni wangu!"

Jumapili tunakwenda. Unaogopa nini, si yuko na mimi?

Dada yako,
Kapa

Kijijini, 12 Januari

Dada Kapa,

Shikamoo. Kifua afadhali. Nimesoma barua yako nikakaa chini. Mama siku hizi anasahau. Kabla hajaja huko alitoka kwenda kisimani, tukamkuta anaelekea msituni. Na baridi hii mtu anakwisha kabla chai haijachemka.

Ahirisheni. Mkikataa, basi mshike mkono, usiuachie hata ukipiga chafya.

Mdogo wako,
Lusha

Tobolsk, 15 Januari

Lusha,

Hamjambo huko? Mimi hata sijui kama ni mzima. Mama kapotea.

Nimeuachia mkono mara moja tu, nijifunge shali! Pale chini ya ngazi ukungu umejaa, watu wanatoka sokoni wanasukumana. Wote wamejifunika, unaona kope tu zenye barafu. Nikaona shali ya kijivu, viatu vya sufi, nikaudaka mkono, twende zetu. Nampigia hadithi ya mume wa Zoya jirani na yule mpishi, yote, mpaka tukafika bombani. Hapo shali ikasema kwa sauti nene, "Dada, habari tamu hiyo, ila wewe nani?"

Lusha, nilipiga ukelele mbwa wakabweka! Mwenyewe anaitwa Feoktista, alikuwa anatembea na wifi yake. Tumerudi mbio, Mama hayupo.

Polisi na Zoya wanamtafuta. Mimi nimeambiwa nikae nyumbani, huenda akarudi. Nitakaaje? Ndiyo nakuandikia. Ryabov anapiga honi, nampa hii.

Dada yako

Kijijini, 16 Januari

Dada,

Sisalimu. Simu ya posta imekatika. Sijawasha hata jiko. Ryabov anageuza basi sasa hivi, nampa karatasi hii akuletee. Niambie neno moja tu: yuko hai?

Lusha

Tobolsk, 17 Januari

Mdogo wangu,

Washa jiko! Yuko hai, na anakula kunishinda.

Basi la Ryabov halijatokomea, Feoktista huyo mlangoni, anahema. Kumbe kwenye msukumano ule ule wifi yake, Glafira, mwanamke kimya kama ukuta, alimdaka Mama akidhani ni Feoktista! Nikakimbia kwao bila kofia. Namkuta Mama kaegemea jiko, bakuli la pelmeni za nyama mapajani.

"Mama, hukujua kama si mimi?"

"Nilijua hatua ya kwanza."

"Sasa mbona hukusema!"

"Ningesema angenirudisha kwako." Akafuta mdomo. "Huyu ananyamaza, Kapa. Nimeiona nyumba yetu, imezama ardhini mpaka madirishani. Nikasimama pale nikamsikia baba yangu anapasua kuni. Kwako wewe ningemsikia mume wa Zoya."

Wakacheka nyumba nzima. Na mimi nikacheka, Lusha, halafu nikaenda ukumbini nikalia.

Baridi imepungua, kesho anataka kwenda tena, na anamtaka Glafira. Nimembembeleza anichukue mimi. Kakubali, kwa sharti moja: niwe kama Glafira.

Niombee, mdogo wangu. Kutoka ngomeni mpaka mji wa chini ni mbali.

Dada yako,
Kapa