Mwanamke wa Cheti cha Boti

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mjomba alinipigia akasema siku hizi unapanda ngazi bila kushika ukuta, nikafurahi sana. Sisi huku wazima. Watoto wamerudi shule, na boti inavusha abiria kama kawaida, ingawa ilibaki kidogo tuipoteze. Ndiyo sababu ya barua hii, maana habari yenyewe siwezi kuisema kwenye simu wakati shemeji yako yuko chumba cha pili.

Cheti cha usajili wa boti kilikuwa kinakaribia kuisha muda. Shemeji yako akapata ujumbe wa mwanamke aliyejitambulisha kuwa wakala wa usajili, akaahidi kushughulikia kila kitu bila foleni. Mimi cheti hakikunishtua. Kilichonishtua ni kwamba simu za mwanamke huyo zilipokelewa nyuma ya nyumba, na mume wangu, mtu wa kujibu ndiyo na hapana, alikuwa anacheka huko mpaka anakohoa. Nikiuliza, naambiwa ni mambo ya ofisi. Mara nikamkuta anajipigia shati pasi. Dada, unamjua yule. Hajui hata pasi inakaa wapi.

Siku aliyoaga kwamba anakwenda kumkabidhi wakala cheti halisi pamoja na ada, moyo uliniwaka. Namba ya mwanamke nilikuwa nimeshainakili kimya kimya. Nikafunga kibanda changu cha ushonaji, nikaenda ofisi ya usajili wa vyombo, nikiamini nitawakuta huko wamekaa bega kwa bega. Sikuwakuta. Nikamwonyesha karani wa dirishani ile namba, nikataka anitajie mwenyewe ni nani na anakaa meza gani.

Karani akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba ofisi haina wakala yeyote. Ada hulipwa kwa namba ya malipo inayotolewa na ofisi yenyewe, haitumwi kwenye simu ya mtu. Na mwenye chombo akishampa mgeni cheti halisi na picha ya kitambulisho, anaweza kuamka akakuta boti imeshauzwa. Wengi wamelia pale dirishani.

Nikampigia shemeji yako. Alikuwa mgahawani na mwanamke huyo, bahasha iko mezani. Nikamwambia asimpe chochote. Akashusha sauti, akaniuliza kama huo ni wivu.

"Ni wivu," nikamwambia. "Lakini usimpe."

Hakumpa. Alipomwomba waende wote ofisini, mwanamke akasema anapita msalani mara moja, asionekane tena. Kesho yake tulipanga foleni mimi na mume wangu, tukalipia pale pale, cheti kipya kikatoka. Sasa anawasimulia manahodha wenzake jinsi mkewe anavyowanusa matapeli, nao wanakuja kibandani kuniomba ushauri. Mimi naitikia tu.

Ni wewe tu ninayekuambia ukweli. Sikwenda kuchunguza utapeli, nilikwenda kugombana. Na karani aliposema yule ni mwizi, sikuwaza boti wala chakula cha watoto. Nilifurahi, dada. Nilifurahi kwamba kumbe ni mwizi tu.

Nisalimie shemeji na wote hapo nyumbani. Ukishaisoma barua hii, ichane.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Pacha